Rekebisho Lililokwisha Kufika

Wapendwa, wekeni Biblia zenu pembeni kidogo, niwape mfano. Mtu nitakayemsema hamumjui, nimemtunga mwenyewe. Lakini msishangae mkiona anafanana na mtu mliyekaa naye benchi moja asubuhi hii.

Kulikuwa na fundi wa kompyuta aliyeitwa Ndelwa, katika hospitali moja ya misheni huko nyanda za juu. Kompyuta za hospitali hiyo zilitumia ule mfumo wa bure, usiouzwa, unaotengenezwa na watu wa nchi mbalimbali kwa kujitolea. Naomba mnielewe hapo, kwa sababu mambo yote yanaanzia hapo. Katika mfumo kama huo, kila programu ina mtu aliyejitwika kazi ya kuitunza. Walioiandika wakirekebisha kasoro, yeye huchukua toleo jipya, hulijaribu aone kama linapatana na programu nyingine, hulifungasha, kisha hulituma ili kila kompyuta ilipokee. Halipwi chochote. Wengi wanaotumia kazi yake hawajui hata kama yupo.

Hospitalini pale kulikuwa na programu ya kuchapa lebo za chupa za dawa. Aliyeitunza alikuwa Mwakio, mtu wa Voi, ambaye Ndelwa hakuwahi kumwona kwa macho.

Siku moja mfamasia alimwita Ndelwa akamwonyesha lebo. Nukta ilikuwa imepotea. Alipoandika kipimo cha mililita mbili nukta tano, karatasi ilitoka imeandikwa ishirini na tano. Haikutokea kila mara, lakini ilitokea. Ndelwa akamwandikia Mwakio, na Mwakio akajibu siku ileile. Alisema kasoro ni ya kweli na ya hatari, akawaomba waandike lebo kwa mkono mpaka irekebishwe. Mwishoni akaongeza kwamba anaumwa, kwa hiyo wamvumilie.

Wakaandika kwa mkono. Mfamasia alichoka, makarani wakanung'unika, foleni ikarefuka. Ndelwa akaandika tena, safari hii kwa ukali. Alimwambia Mwakio, "Kama kazi imekushinda, waachie wenzako." Hakupata jibu. Akajisemea kwamba amefanya sehemu yake, akaendelea na mengine.

Basi mfamasia yule akaenda likizo. Aliyeshika nafasi yake hakuambiwa habari ya nukta. Nani angemwambia? Ndelwa alidhani mfamasia amemwambia, na mfamasia alidhani Ndelwa atamwambia. Akachapa lebo kwa mashine.

Siku moja akaja mama kijana, Sekela, na mwanawe aliyekuwa na degedege. Mtoto alitibiwa, akatulia, akaruhusiwa kurudi nyumbani na chupa ya dawa. Nyumbani Sekela alisoma lebo, akaona dawa ni nyingi. Alisita. Lakini ile ilikuwa karatasi ya hospitali, na yeye ni nani wa kubishana na hospitali? Akapima kama ilivyoandikwa, akajaza bomba la dawa na kulijaza tena, huku akimbembeleza mtoto ameze. Mtoto akalala. Hakuamka.

Wapendwa, sitaongeza neno hapo.

Hospitali ikakaa kikao. Ndelwa alipoulizwa, alisema kasoro aliijua, aliitolea taarifa, na mtunzaji wa programu hakuirekebisha. Msidhani alidanganya. Aliamini kabisa anachosema. Akaenda msibani, akamwambia Sekela mbele ya ndugu zake, "Mama, tulimwandikia mtu wa Voi anayehusika, akakaa kimya." Sekela akauliza jina la mtu huyo, naye akamtajia. Kuanzia siku hiyo Sekela alikuwa anapiga magoti na kulitaja jina la Mwakio mbele za Mungu, na hakulitaja kwa heri.

Ndelwa naye alikuwa na hasira isiyopoa. Akatafuta namba ya simu ya Mwakio mpaka akaipata. Alitaka yule mtu asikie kilichotokea, asikie kutoka kwake. Akapiga. Simu ikapokewa na mwanamke.

"Mwakio ni marehemu," alisema. "Mimi ni mkewe."

Ndelwa akatoa pole, kisha akajieleza kwamba anatoka hospitali iliyoandika kuhusu programu ya lebo.

"Ya lebo? Hiyo aliituma," mama yule akasema. "Alikuwa hawezi tena kukaa. Nilimshikia kompyuta pale kitandani, akaandika kidogo, akapumzika, akaendelea. Nilimwambia aache. Akasema hii haiwezi kungoja, kuna wagonjwa. Nyinyi hamkuipata?"

Ndelwa akauliza ilikuwa lini. Mama akajibu ni kabla ya Pasaka. Mtoto wa Sekela alikufa wakati wa kuvuna mahindi.

Ndelwa akashuka hadi chumba cha dawa, akawasha ile kompyuta, akaenda kutazama mahali ambapo hakuwa ametazama kwa muda mrefu. Masasisho, yaani ile njia ya kompyuta kupokea matoleo mapya, yalikuwa yamezimwa. Aliyazima yeye mwenyewe, zamani, makarani walipolalamika kwamba yanachelewesha kazi asubuhi. Aliwaambia ni kwa muda tu, kisha akasahau. Akayawasha. Rekebisho likaingia haraka, kwa sababu lilikuwa limekwisha kuwa tayari. Akachapa lebo moja ya kujaribu, na nukta ikatoka mahali pake.

Sasa nawauliza ninyi mnaonisikiliza. Ungefanya nini? Kikao kimekwisha. Aliyelaumiwa yuko kaburini, hawezi kujitetea. Mjane wake yuko mbali. Mama wa mtoto ana mtu wa kumchukia tayari. Hakuna anayekuuliza kitu. Unafunga mlango wa ofisi, unakwenda nyumbani, unakula. Si ndivyo?

Ndelwa alijaribu hivyo, na kwa siku kadhaa aliweza. Kisha akaenda kwa Sekela. Alimkuta uani anapukuchua mahindi, akasimama mbele yake, akamweleza yote. Sekela hakuinua uso.

"Kwa hiyo dawa ya hiyo mashine ilikuwepo."

"Ilikuwepo, mama. Mimi ndiye niliyeizuia isiingie."

"Na yule niliyekuwa namlaani?"

"Aliifanya akiwa anakufa."

Sekela akaweka gunzi chini, akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Najua mlitaka niseme alimsamehe. Sijui kama alimsamehe. Mfano wangu unaishia nje ya mlango uliofungwa, na Ndelwa amesimama pale.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa kulalamika kwamba msaada umechelewa. Tunamwandikia Mungu kwa ukali. Tunasema, nilimwomba, akanyamaza. Je, tumewahi kujiuliza ni lini sisi wenyewe tuliifunga njia? Yule dada uliyekosana naye alikutumia watu wa kupatanisha, ukakataa kuwaona. Yule mwalimu alikuita kuhusu mwanao, ukasema una kazi. Msaada ulitumwa na mtu aliyeugharamia kwa pumzi yake, ukafika, ukakaa nje. Kisha mambo yakaharibika, na sisi tukatafuta jina la kutaja.

Sitaki mtoke hapa mkimhukumu Ndelwa. Yeye angalau alikwenda. Mimi nawauliza ninyi: ni nani mliyemtwika kosa lenu? Kama yu hai, mfuateni wiki hii, msingoje ibada nyingine. Kama amekufa, wafuateni wale waliowasikia mkimsema, mkawaambie kweli, hata kama watafunga mlango.