Kwa Nini Pilipili Ina Kibakuli Chake

Sogeeni, wenye masikio. Wenye njaa wavumilie kidogo, maana kisa hiki ni cha chakula. Zamani, zamani ile ambayo hata babu yangu aliisikia tu kwa babu yake, pilipili haikuwa na kibakuli chake. Kila mpishi aliitia chunguni mwenyewe, na kadiri alivyoipenda yeye ndivyo walivyoila wote. Hapakuwa na wa kuuliza wala wa kuulizwa.

Sheria ya watu wa siku hizo ilikuwa moja, nao waliona inatosha kwa kila kitu: mtendee mwenzako kama upendavyo kutendewa. Ni sheria nzuri, na mimi sina ugomvi nayo. Katika kijiji cha Mwangani, kule juu mlimani kwenye baridi, hakuna aliyeishika kama Bi Kidawa. Kwa kuwa alipenda kuimbiwa, alikuimbia hata kama kichwa kinakuuma. Kwa kuwa alipenda kukandwa mgongo, alikukanda wako ukiwa umesimama njiani na ndoo ya maji kichwani. Watu walimpenda sana, na wakimwona kwa mbali walibadilisha njia.

Tena Bi Kidawa alipenda pilipili. Alizila mbichi, alizila kavu, na uji wa asubuhi aliutia mbili ili ulimi uamke. Mchuzi usiomtoa jasho aliuita maji ya kunawia.

Basi mwanawe wa pekee, Mwanasha, akaposwa na Makame, mkulima wa miwa kutoka kijiji cha Bondeni. Vijana hawa walipendana, usiniulize walikutana wapi. Mwanasha alimwambia mama yake, uso ameufunika kwa kanga, "Mama, nisipoolewa na huyu, sitaolewa." Lakini ada ilikuwa ada: wakwe wakija kula kwenu wakabakisha chakula, posa imevunjika, na hakuna wa kuiunga tena.

Jogoo alipowika Bi Kidawa alikuwa tayari jikoni. Akajiuliza, "Ningekuwa mimi ndiye mkwe, ningependa nini?" Akatia konzi tatu za pilipili. Kisha akakumbuka jinsi anavyompenda mwanawe, akaongeza ya nne.

Wageni wakafika, wakanawa, wakala. Kwa tonge la kwanza tu, Bi Zuwena, mama yake Makame, mwanamke mwenye heshima zake, machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Bi Kidawa alipoyaona akafurahi mno. Akajua ni machozi ya furaha, akamwongezea mchuzi. Mjomba wa Makame aliomba ruhusa, akatoka nje, akainamia mtungi wa maji na hakurudi tena mkekani. Sahani zote zikabaki zimejaa, isipokuwa moja. Makame alikula, akalia, akapenga kamasi, akala tena, mpaka akaikomba sahani kwa kidole, na muda wote macho yake yalikuwa kwa Mwanasha. Kwa hiyo posa haikufa siku ile, ila ilikuwa mahututi.

Bi Zuwena alipopata sauti, akasema, "Mkwe, umetulisha moto. Lakini mwanangu ameumaliza huo moto, nami siwezi kumkana mbele za watu. Siku ya saba njooni kwetu. Mkimaliza chakula chetu, tutazungumza harusi. Mkibakisha, kila mtu na kwao."

Siku sita Bi Kidawa alinuna. "Nimewatendea kama nipendavyo kutendewa," alilalamika. "Kosa langu liko wapi?"

Mwanasha, aliyekuwa akilia huku anapepeta mchele, akamjibu, "Huna kosa, Mama. Ila ulijipikia mwenyewe, ukawapa wao." Jibu hilo lilimkera Bi Kidawa, akatoka nje akaenda kumfukuza mbuzi ambaye hakuwa amefanya lolote.

Siku ya saba wakateremka Bondeni. Sasa watu wa Bondeni, kwa kuwa walizaliwa katikati ya miwa, walipenda utamu kupita kiasi. Bi Zuwena alikuwa amepika wali kwa nazi na maji ya miwa. Nyama aliipaka asali. Hata mchicha, jamani, mchicha, nao ulikuwa mtamu! Bi Kidawa akatia tonge la kwanza, akalimeza kwa shida. Akamwangalia mwanawe, akajikaza, akatia la pili. La tatu likagoma katikati ya njia, likakaa pale, na yeye akafumba macho, chozi likamtoka. Aliiona harusi ya mwanawe ikimponyoka hivi hivi.

Bi Zuwena akaliona lile chozi. Uso ukamchangamka kwa upendo, akachota kijiko cha asali, akammwagia juu ya wali.

Bi Kidawa akafumbua macho, akamtazama. Uso ule aliujua. Ulikuwa uso wake mwenyewe, siku ile ya konzi nne. Tonge likashuka lenyewe, na Bi Kidawa akaangua kicheko, akacheka mpaka wenyeji wakadhani asali imempanda kichwani.

"Mkwe wangu," akasema, "sote wawili tumeishika sheria, na sote wawili tumewatesa wageni!"

Bi Zuwena akakiweka chini kijiko cha asali. Kisha akasema polepole, "Siku ile nilidhani unatutukana."

"Na mimi nilidhani unalia kwa furaha."

Hapo Bi Zuwena naye akashindwa kujizuia. Wakacheka wakishikana mikono, na mjomba akacheka kuliko wote, maana ulimi wake ulikuwa bado haujapoa. Kumbe wale wanawake wawili walipenda kutendewa jambo moja hilo hilo, na hakuna aliyekuwa amemtendea mwenzake: kuulizwa kwanza.

Wanawake wa Mwangani hawakusafiri bila pilipili. Bi Kidawa akafungua pindo la kanga yake, akaomba kifuu cha nazi, akaziponda humo kwa chumvi na ndimu, akakiweka katikati ya mkeka. "Mimi hii ndiyo nipendayo," akasema. "Je, wenzangu mtapenda? Atakaye na achovye. Asiyetaka aiache, pilipili asiyoila itamwashia nini?" Akachovya nyama yake ya asali, akatafuna, akashangaa, akachovya tena. Bi Zuwena naye akaitenga asali yake kando. Mjomba akagusisha ncha ya kidole kwenye kifuu, akakohoa, akacheka, akagusisha tena. Jua lilipokuwa la alasiri hapakuwa na sahani yenye punje ya wali, na Mwanasha na Makame walikuwa wameshasahau hata walichokula, wanatazamana tu na kutabasamu.

Na tangu siku hiyo pilipili hukaa pembeni, kwenye kibakuli chake, na mwenyeji humuuliza mgeni, "Unatumia?" Ukikisogeza kibakuli mbali nawe, hakuna anayekasirika. Na ukijitilia kupita kiasi mpaka machozi yakakutoka, mwenye nyumba atakucheka kwa raha zake, kwa sababu safari hii umejitendea mwenyewe.