Majani Tisini na Tisa ya Mheshimiwa Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa porojo, na msemaji ndiwe!

Mmeshiba?

— Nusu!

Nusu nyingine ni hii. Sogeeni. Na wewe unayesinzia, sinzia upande ule, usije ukamwangukia mwenzako penye utamu.

Hapo zamani, Kobe alipokuwa bado kijana mwepesi, palikuwa na mti ukiitwa mcheko. Uliota ukingoni mwa mto. Nusu ya matawi yake yaliinamia majini, nusu yalitazama nchi kavu. Jani lake ukilitafuna, unacheka. Unacheka mpaka mbavu zinauma. Unacheka hata mkweo akiteleza mbele yako, na hilo ni balaa. Ikifika jioni kicheko kinakwisha, unabaki na kiu na aibu. Ndiyo kazi ya jani hilo, hakuna nyingine.

Wanyama wa mtoni waliyachuma mabichi, yale yaliyoinamia majini. Wadogo wa nchi kavu hawakuthubutu kufika huko, maana mtoni kuna wenyewe. Wao waliokota yale yaliyoangushwa na upepo yakakaukia juani. Bichi linachekesha, kavu linachekesha, na jani ni lile lile.

Lakini sheria ya nchi ile, jamani! Aliyeitunga ni Mheshimiwa Kiboko, mwenye tumbo kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Ilisema hivi: atakayekutwa na majani makavu ya mcheko, kila jani moja ni kiangazi kimoja shimoni. Atakayekutwa na majani mabichi, yakifika mia, kiangazi kimoja shimoni. Yasipofika mia, aambiwe "acha mchezo huo" aende zake.

Na Mheshimiwa Kiboko, kila alipotoka nyumbani, alikuwa na majani mabichi tisini na tisa. Hayakuwahi kufika mia. Kuhesabu alikujua vizuri sana.

Walipomuuliza kwa nini kavu liadhibiwe hivyo, alijibu bila kupepesa macho: "Kavu lina kelele. Ukilitafuna linalia kacha-kacha-kacha, watu wanaingiwa na hofu. Bichi ni la kistaarabu."

Basi akawekwa Ngiri kuwa askari wa kacha. Ngiri hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na wazo moja tu kichwani, na hilo nalo alipewa. Akisikia kacha, anakamata. Haulizi wewe ni nani, haulizi imekuwaje.

Sasa katika nchi hiyo aliishi Nguchiro, kanyama kembamba, mkia mrefu, maneno mengi. Mkewe aliitwa Mwanaidi. Siku ya arusi ya mdogo wake, Mwanaidi akaokota majani makavu saba ili wageni wachangamke. Mgeni rasmi alikuwa nani? Kiboko! Alikuwa amejilaza penye maji haba, majani tisini na tisa mgongoni, anatafuna, anacheka hoo-hoo-hoo. Mwanaidi naye akatia jani moja mdomoni. Kacha! Ngiri huyu hapa.

Majani saba, viangazi saba. Kiboko mwenyewe ndiye aliyetoa hukumu, mdomo umejaa: "Viangazi saba shimoni, hoo-hoo-hoo!" Na nguchiro akijitahidi sana huishi viangazi kumi. Mwanaidi alikuwa ameshamaliza vinne. Hesabuni wenyewe mtaona kwamba mama yule hakufungwa, alizikwa.

Nguchiro aliumia, nyie. Nyumba ilimshinda. Watoto walimuuliza mama yuko wapi, akawaambia amekwenda kwa shangazi, mpaka watoto wenyewe wakamwonea huruma wakaacha kuuliza. Kila asubuhi alikwenda kwenye tundu la shimo, akalala kifudifudi, akaita.

"Mwanaidi!"

"Nipo."

"Umekula?"

"Nimekula mizizi. Wewe je?"

"Nimekula yai."

"Muongo. Sauti yako ni ya njaa."

Hivyo kila siku, viangazi viwili. Kikaingia cha tatu. Asubuhi moja Mwanaidi akasema kutoka kule chini, "Baba watoto, siku Kiboko aliponihukumu, mgongoni alikuwa na nini?"

"Si majani yake! Huyavaa kama shuka, jua lisimchome. Akisikia hamu, anaonja."

"Na hukumu aliisoma kwa muda gani?"

"Kufumba na kufumbua. Kiboko hakai juani, ngozi yake haitaki."

"Sasa akikaa?"

Nguchiro akainua kichwa. Mkia wake ukasimama wima, wenyewe, bila kuambiwa.

"Mwanaidi mke wangu," akasema, "kesho kuna baraza."

Baraza la nchi ile lilikaa juu ya mwamba mweusi kando ya mto, mahali pa wazi pasipo na kivuli cha kumtosha hata panzi. Spika alikuwa Kobe. Asubuhi Kiboko akatoka majini, bwaaa! Ngiri akamkagua chini ya mwamba kama ilivyo desturi. "Majani tisini na tisa, mabichi. Pita, Mheshimiwa."

Nguchiro akainua mkono. Wadogo wote wakaziba macho, wakijua sasa atatukana na yeye atafungwa.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "sikuja kupinga. Sheria ya mcheko naipenda. Imemfunga mke wangu, lakini naipenda."

Baraza zima likashika mdomo.

"Shida yetu sisi wadogo ni kutoielewa. Ina uzito mno. Tena huko vichakani kuna maneno. Wanasema hotuba za Mheshimiwa ni fupi kwa sababu hana la kusema."

"Nani kasema?" Kiboko akafura.

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, Mheshimiwa. Mimi niliwakatalia, lakini niliwakatalia peke yangu."

Kiboko akasimama katikati ya mwamba, akapanua mdomo, akaanza. Alieleza ubaya wa kavu. Alieleza ustaarabu wa bichi. Jua likapanda. Majani mgongoni yakalegea.

"Kwa hayo machache..." akasema, jicho moja liko mtoni.

"Machache!" Nguchiro akaruka. "Mheshimiwa, si ndiyo hayo wanayoyasema? Hapo penye ustaarabu, mwaga tena!" Akapiga makofi, pa-pa-pa.

Kiboko akarudia penye ustaarabu. Akatia na mfano wa babu yake. Jua likapanda. Majani yakajikunja.

"Kwa hayo machache..."

"Lo! Na babu je, alikufaje? Usituache njiani!" Pa-pa-pa.

Kiboko akamuua babu yake taratibu, kwa madaha, mpaka watu wakatoa machozi. Jua likapanda. Majani yakawa rangi ya udongo. Mgongo ulikuwa unamuwasha, jasho linamtoka jekundu, lakini makofi yale! Hakuna maji ya mto yaliyowahi kumburudisha namna ile.

Jua likafika utosini. Kiboko akahitimisha, na baraza lote likashangilia, maana lilikuwa na njaa. Naye, kama kiongozi yeyote anayeshangiliwa, akainama kushukuru.

Kacha!

Ngiri akaruka kama aliyechomwa mwiba. "Nani?"

Kiboko akageuka amtazame huyo mhalifu.

Kacha-kacha-kacha!

Ngiri akamzunguka Mheshimiwa, akitikisa kichwa na kuhesabu kwa sauti. Alipomaliza akatoa kamba. "Majani tisini na tisa, makavu. Viangazi tisini na tisa. Twende."

Katika baraza lote, Kobe peke yake ndiye angekuwa hai kumpokea akitoka.

"Wewe Ngiri, una wazimu?" Kiboko akanguruma. "Si uliyaona asubuhi yakiwa mabichi?"

"Niliyaona," akajibu Ngiri. "Na yale ya wafungwa wangu yalikuwa mabichi mtini."

Nawaambia, askari yule hakuwahi kusema neno la maana kabla ya siku hiyo, wala baada yake.

Kiboko akamtazama Ngiri, akaitazama kamba, akautazama mto. "Mheshimiwa Spika! Natoa hoja ya dharura! Kavu na bichi ni jani moja! Yahesabiwe sawa, na yasipofika mia, mtu aende zake!"

"Naunga mkono," akasema Nguchiro kwa unyenyekevu.

"Wanaoafiki?" akauliza Kobe.

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki?"

Hata nzi hakulia.

"Nadhani walioafiki wameshinda." Muswada ukasomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa pumzi moja. Sheria iliyodumu miaka na miaka ikaondoka kabla ya chakula cha mchana.

Nguchiro akakimbilia kwenye shimo. "Ngiri, fungua!"

"Ngoja kwanza!" Kiboko alikuwa ameshaanza kuelekea mtoni, akili zimeanza kumrudia. "Sheria mpya inaanza sasa hivi. Waliomo shimoni waliingia kwa sheria ya zamani. Wamalize vya kwao."

Nguchiro alihisi moyo unamshuka mpaka kwenye kucha. Karibu alie mbele ya watu. Halafu akageuka taratibu.

"Ni haki kabisa," akasema. "Ya zamani yahukumiwe kizamani. Ngiri, ile kacha ya Mheshimiwa ililia kabla ya sheria mpya, au baada?"

Ngiri akafikiri, na kufikiri kwa Ngiri huonekana kwa macho. "Kabla." Akaikunjua tena kamba.

"Basi ianze leo asubuhi!" Kiboko akapiga kelele.

"Sawa, leo asubuhi." Nguchiro akamparamia mgongoni, akachungulia kwenye mkunjo wa shingo, akachomoa jani dogo lililosahaulika. Kacha. "Hili lina wiki nzima, Mheshimiwa."

Ngiri akasogea hatua moja.

"Ianze wiki iliyopita!"

Nguchiro akaingiza mkono kwapani. Kacha. "Hili ni la masika."

Ngiri akasogea hatua nyingine.

"Ianze masika!"

Nguchiro akafika nyuma ya sikio. Hapo alikuta jani moja limeganda, limegeuka jeusi. Akalishika, na utani wote ukamtoka. "Na hili ni la arusi ya shemeji yangu. Ulikuwa unatafuna wenzake siku ulipomfunga Mwanaidi. Ulikuwa unacheka."

Baraza zima lilimtazama Kiboko. Mgongo wake ulikuwa umeanza kuchubuka, na mikunjo ilikuwa bado mingi, na Nguchiro alikuwa hajashuka.

"Ianze siku mti ule ulipoota!" Kiboko akalia. "Andika hivyo, Spika, niacheni nirudi majini!" Na chubwi! akatokomea.

Ngiri akafungua shimo, akaanza kuita majina. Wakatoka mmoja mmoja, wanapepesa macho, wanashikana mikono: pimbi wawili, kuchakulo, kicheche na mwanawe. Akatoka Mwanaidi, amekonda kama ufito. Nguchiro akamkimbilia. Akamshika tu, akamshika, hakutaka kumwachia.

"Hata yai hukula," Mwanaidi akasema, akimpapasa mbavu.

Ngiri akaita jina la mwisho. "Mzee Buku!" Huyu alikuwa panya mzee, fundi wa kuchimba. Alifungwa kwa jani moja tu, na kiangazi chake kilikuwa kimebakiza siku tisa. "Mzee Buku! Mzee Buku, toka, sheria imekurudia!"

"Usimwite," Mwanaidi akasema. "Tulimzika juzi."

Mtoni Kiboko akainua kichwa, amepoa sasa, amepata nguvu. Akatangaza kwamba yeye ndiye mkombozi wa wadogo, na kwamba kila mwaka siku hiyo isherehekewe kwa jina lake. Husherehekewa mpaka leo. Yeye hutoa hotuba, fupi sana, akiwa ndani ya maji.

Hapa ndipo ninapoitua. Ikiwa tamu, lambeni vidole. Ikiwa chungu, nirudishieni, nitaila mwenyewe.

— Na funzo lake?

Ah, funzo! Nilitaka kulisahau. Funzo ni kwamba wakubwa wetu wana huruma nyingi, na sheria ikiwa mbaya wataiona wenyewe, watairekebisha wenyewe, kwa wakati wao. Kwa hiyo msiwasumbue, wala msiwe na haraka. Anayesubiri kwa utulivu hutoka tu.

Msiponiamini mimi, kamuulizeni Mzee Buku.