Malkia Ndani ya Chupa ya Asali

Asiyeamini anyanyuke sasa hivi, akalale. Mimi nimeona sisimizi wakitengeneza mkate. Ndiyo, mkate! Wewe kaka unayecheka huko nyuma, ukimaliza uniambie, nakusubiri. Shule niliacha darasa la sita, lakini macho sikuyaacha huko.

Hapo zamani, na zamani yangu mimi ni mwaka juzi tu, hapa kijijini walikuwapo watoto watatu waliofiwa na mama. Nyemo, mkubwa, sauti ndiyo kwanza inakwaruza. Sechelela, dada mkali. Na Chiduo, kitindamimba, mpole mpaka kuku wanamwonea. Baba hawakuwa naye. Msiba ulipoisha, ndugu wakapatana: mavuno yakiingia ndani, watoto wagawanywe. Nyemo kwa mjomba, Sechelela kwa shangazi, Chiduo kwa bibi. Nyumba tatu, kila moja pembe yake ya kijiji.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Sisimizi wenye mbawa wakatoka ardhini, wale weusi wanaobeba mbegu mashambani. Nyemo akamwona malkia mmoja, mbawa ameshazikata mwenyewe, anatafuta pa kuchimba, na jogoo anamjia mbio. Nyemo akajitupa kwenye matope kama golikipa. Jogoo akadonoa mkono. Malkia akabaki kiganjani.

Wakaja kwangu, kwenye kibanda changu cha kutengenezea baiskeli. Nikatoa chupa ya asali, nikatia mchanga wenye unyevu, nikatoboa kifuniko kwa spoku ya gurudumu niliyoichonga. Fundi ni fundi, jamani!

Sasa, kwa mama yao mgeni hakukaa bila kulishwa. Chiduo akamwekea malkia tonge la ugali wa uwele. Hakula. Akamwongezea mboga ya mlenda.

"Anaona haya," akasema Chiduo. "Wageni wako hivyo."

Tonge likaota ukungu. Malkia akajikunyata pembeni, hatikisiki.

Sechelela akawaka. "Mnamchungulia kama sinema! Nani anazaa huku anatazamwa?" Akatoa ukungu kwa kijiti. Akaifunga chupa kwa kanga ya mama, ile aliyokuwa akilala nayo kwa ajili ya harufu yake, akaisukuma uvunguni, gizani. Aliyesogea alikula mwiko. Hata mimi, mwanaume mzima, niliula.

Siku zikaenda. Nyemo akasema, "Amekufa huyo." Nami nikasema amekufa. Sechelela akasema, "Mwacheni."

Alipoifungua kanga, tukaona sisimizi wadogo, rangi bado haijakolea, wanamlamba mama yao. Malkia hakuwa ameonja kitu. Alikuwa amewalea kwa mwili wake mwenyewe. Watoto wale watatu wakapiga magoti kuizunguka chupa. Hata mimi nilipiga magoti, na mnanijua.

Lakini vitoto vinataka kula. Tukawapa ugali, hawakuugusa. Tukawapa sukari, hawakuigusa. Wakaanza kufa, mmoja leo, mmoja kesho. Ndipo Chiduo akakumbuka kwamba wenzao wa shambani hubeba mbegu, akapanda kwenye kichanja, akashusha kibuyu cha mbegu za uwele. Mama alizichagua kwa mkono wake, punje kwa punje, akafa kabla ya kuzipanda. Akatia kiasi kwenye chupa. Shangazi alipopita kuwatazama, akamchapa kwa kuchezea mbegu. Sisimizi wakazibeba, wakazipasua, wakazitafuna kwa pamoja mpaka zikawa donge laini, wakalishana. Huo ndio mkate wangu! Unacheka bado, kaka?

Mavuno yakaingia ndani. Siku ya kugawanywa ikafika. Watoto watatu, malkia mmoja, na sisimizi ukiwatenga na malkia wao, wanakwisha.

Nyemo akasema, "Ni wangu. Bila mimi angekuwa tumboni mwa jogoo."

Sechelela akasema, "Ni wangu. Bila mimi mngemuua kwa macho. Na kanga ya mama sasa inanuka ukungu, hainuki mama tena."

Chiduo akalia kwanza, ndipo akasema, "Ni wangu. Mbegu za mama zimo humo."

Je, nani alistahili?

Mnabishana? Vizuri. Lakini kuna kipande nimekiruka. Watoto walinipa mimi niamue, na chupa ipo kibandani kwangu hadi leo. Niliwaambia shauri hili ni zito, njooni kila jioni niwasikilize upya. Mimi huyu, ambaye sijawahi kukosa jibu! Basi wanakuja. Nyemo kutoka kwa mjomba, Sechelela kutoka kwa shangazi, Chiduo kutoka kwa bibi. Wanaanza kwa kugombana. Halafu wanaiinamia chupa, vichwa vitatu vinagusana. Halafu Sechelela anamshonea Chiduo kifungo, Nyemo anawachekesha, na wanaondoka wamesahau kuniuliza.

Jibu ninalo tangu siku ile.

Haya, nani alistahili? Semeni, ila kwa sauti ya chini. Ndio hao wanakuja.