Manju Huenda Kwao

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga gizani, ta-ta-ta, maharage yakichemka kwenye jiko la mkaa karibu na mlango. Umeme ulikuwa umekatika katikati ya tamthilia, na kila mtu ndani alinung'unika, hasa Minza, ambaye mimba yake ilikuwa imefika mwezi wa nane.

"Hata kama sijauona mwisho, nimeshaamua," Minza alisema. "Akiwa wa kiume ni Leandro, kama yule wa kwenye tamthilia. Kule kliniki wenzangu watatu wamechagua hilohilo."

"Na jina la babu je?" aliuliza Shija, mdogo wake.

"La babu limeshika vumbi."

Wakacheka wote wawili. Bibi Mbuke, aliyekuwa anachochea mkaa, hakucheka.

"Manju huenda kwao, jina hubaki na mwana," alisema.

"Ndiyo nini hiyo, bibi? Umeitoa wapi?" Minza aliuliza.

"Manju ni mtunzi wa nyimbo, yule anayeongoza ngoma. Hilo mnalijua au mmelisahau. Sasa nyamazeni. Na mkinisikia nafoka, msidhani nawafokea ninyi. Kuna hadithi ambazo mtu hawezi kuzisimulia kwa upole. Neno hili lilizaliwa namna hii."

Hapo zamani, katika kijiji cha Igunguli, huko Usukuma kwenye mtama na ng'ombe, aliishi mjane aitwaye Holo. Alikuwa na watoto wawili, Lugwisha wa kiume na Nyanzobe wa kike. Msimu mmoja wa masika watoto hao walikuwa wanarudi kutoka kupalilia, na walipokuwa wanavuka mto, maji yakashuka kwa ghafla kutoka milimani. Lugwisha akambeba dada yake mabegani mpaka ukingoni, akamsukuma juu, kisha yeye akashika mzizi apande. Mzizi ukang'oka. Walimtafuta mpaka mto ukakauka, wasipate hata kibuyu alichokuwa amekifunga kiunoni.

Hapakuwa na kaburi. Sikilizeni vizuri hapo. Mtu mwenye kaburi ana mahali pa kumwagiwa pombe, mahali pa kuombwa mvua, hata mahali pa kulaumiwa. Lugwisha hakuwa na kaburi, hakuwa na mke, hakuwa na mtoto. Kilichobaki kwake juu ya ardhi hii kilikuwa jina, na jina lisilo na mtu wa kuliitikia hufa mara ya pili. Kwa hiyo Nyanzobe alikua na ahadi moja kwa mama yake. "Mwanangu wa kwanza wa kiume atakuwa Lugwisha. Utamwita, naye ataitika."

Nyanzobe akaolewa na Nkwabi. Nkwabi hakuwa mtu mbaya. Jembe alilijua, na hakuwahi kumpiga mkewe. Aliambiwa habari za ahadi ile, akasema, "Jina la shemeji yangu ni heshima kwangu." Alisema hivyo akiwa na akili zake. Lakini ngoma ikilia, akili za Nkwabi zilitangulia uwanjani kabla ya miguu.

Mwaka ambao Nyanzobe alishika mimba, maghala yalijaa, na maghala yakijaa ngoma hazilali. Mnajua zinavyoshindanishwa: manju wawili uwanja mmoja, kila mmoja na upande wake, na watu wanakimbia huku na huku. Atakayebaki na watu wengi ndiye mshindi. Mwaka ule akaja manju mmoja aliyejiita Kishindo. Alivaa manyoya ya mbuni kichwani, alitembea kwa mikono huku anaimba, na sauti yake ilikuwa na mkwaruzo ambao wanawake waliuota. Waliomsikiliza hawakuhamia upande mwingine.

Basi kijiji kikashikwa na wazimu. Wanaume wakaanza kukwaruza koo wanapoongea, ungedhani kijiji kizima kina mafua. Wanawake wakasuka nywele kama manyoya yake. Na watoto! Kila aliyezaliwa msimu ule, Kishindo. Wa kike, Kishindo. Mapacha, Kishindo Mkubwa na Kishindo Mdogo. Simama kisimani uite jina hilo, vilio vinakujibu kutoka nyumba zote. Naye manju alijua kuwachezea, maana baba aliyempa mwanawe jina lake alitajwa ndani ya wimbo, mbele ya umati. Nkwabi alitaka kutajwa. Alikitaka kitu hicho kama mgonjwa anavyotaka maji.

Nyanzobe akajifungua mtoto wa kiume.

Siku kitovu kilipodondoka watu wakakusanyika kumpa mtoto jina. Desturi yao ilikuwa hivi. Mtoto hanyonyeshwi tangu alfajiri. Shangazi yake humpakata, mzee hutaja majina ya waliokufa moja baada ya jingine, na kila jina likitajwa shangazi humsogeza mtoto kwenye titi la mama. Jina litakalotajwa akanyonya, basi mwenye jina ndiye aliyerudi. Mama Holo naye alikuja, lakini mama mkwe hatazamani uso kwa uso na mume wa binti yake. Akaketi nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, asikie kwa masikio tu.

Mzee akatoa sauti. "Lugwisha!"

Kabula, dada yake Nkwabi, akamsogeza mtoto. Kitambaa kilikuwa kimemfunika mtoto, na chini ya kitambaa kiganja cha Kabula kilikuwa kimemziba mdomo.

"Amekataa," Kabula alisema.

Yakatajwa mengine. Kiganja hakikutoka. Mtoto akalia mpaka sauti ikakatika. Ndipo Nkwabi mwenyewe, ambaye hakuulizwa, akapaza sauti, akataja jina la mtu aliye hai: "Kishindo!"

Kiganja kikaondoka, na mtoto akalirukia titi.

"Umemziba!" Nyanzobe alipiga kelele. "Nimekiona kiganja chako, wifi!"

"Uchungu wa uzazi bado umekukaa kichwani, wifi yangu. Mtoto amechagua mwenyewe."

"Mtoto mwenye njaa angechagua hata jina la fisi! Baba Lugwisha, sema neno!"

"Baba Lugwisha ni nani hapa?" Nkwabi alijibu, huku anatazama watu. "Nyamaza unyonyeshe, mama Kishindo."

Watu wakacheka. Wakapiga vigelegele, wakaanza kuimba wimbo wa manju palepale juu ya kichwa cha mzazi anayelia. Mimi nasema, na nitasema mpaka nife, hakuna aibu kama ile. Waliona. Wengi walikiona kile kiganja. Lakini wimbo ulikuwa mtamu, nani akatize?

Nyuma ya nyumba, mama Holo akainuka, akashika fimbo yake, akaenda zake bila kuonja chakula alichopikiwa. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwa Nkwabi. Walipomwambia mjukuu anamsubiri, alijibu, "Ulimi wangu hauiti ngoma."

Nkwabi alitajwa kwenye wimbo. Jioni moja, mstari mmoja, kati ya jina la mwenye mbuzi wengi na jina la mwenye mke mzuri. Alitembea kama jogoo mpaka mvua za kwanza. Msimu uliofuata Kishindo akashindwa na manju mwingine, kijana mwenye njuga mpaka mapajani, na wale wale waliomlilia wakatunga wimbo wa kumzomea. Hata miaka ilipopita, watoto wakubwa waliwaimbia wadogo zao wimbo huo wakienda kuchunga, na mtoto wa Nyanzobe alikuwa anarudi nyumbani amevimba macho. Msimu uleule baadhi ya akina baba walikimbilia kuwabadilisha watoto wao majina, wawape la huyu mpya. Nkwabi naye akaanza kulipigia chapuo jina hilo jipya.

"Jaribu," Nyanzobe alimwambia, mchi ukiwa mkononi. "Jaribu tu, Nkwabi, uone kama nitatwanga mtama leo."

Hakujaribu.

Mtoto alipokuwa na umri wa kuchunga ndama, mtu mmoja alipita njiani na jembe begani, anakwenda kuwasaidia wakwe zake kulima. Hakuwa na manyoya wala njuga. Lakini alipoomba maji, mkwaruzo wa sauti ukamtoa Nkwabi ndani mbio.

"Manju! Ni wewe! Mke wangu, lete kibuyu! Wee mtoto, njoo. Manju, huyu hapa ni wajina wako!"

Mgeni akanywa, akamtazama mtoto, akatabasamu kwa uchovu. "Na hapa tena? Kila kijiji nikipita wananitolea mmoja."

"Na wako wewe?" Nyanzobe aliuliza. "Wako wanaitwa nani?"

"Mkubwa ni Mhoja, jina la baba yangu. Wa pili ni Limbu, jina la bibi yangu aliyenilea."

"Hukumwita yeyote Kishindo?"

Yule mtu alicheka mpaka maji yakammwagikia kifuani. Hakuwa na ubaya, alicheka kama mtu aliyesikia kitu cha kuchekesha kweli.

"Mama, Kishindo ni la uwanjani. Nikifika nyumbani nalivua pamoja na manyoya. Mtu gani ampe mwanawe jina la kazini?"

Akashukuru kwa maji, akapandisha jembe begani, akaenda zake.

Nkwabi alibaki ameshika kibuyu. Nyanzobe hakupiga kelele safari hii, na hilo ndilo lililomtisha mumewe zaidi.

"Yeye amelivua," alisema. "Haya, niambie wewe, mwanangu atalivulia wapi?"

Nkwabi akatazama chini. Akasema, "Mpeleke kwa mama yako. Amwite anavyotaka. Sitalipinga tena."

Nyanzobe alimshika mtoto mkono, wakaenda nusu wanatembea, nusu wanakimbia. Mama Holo alikuwa ameketi mlangoni kwake, macho yameshaingia ukungu, anachambua mbegu kwa vidole. Binti akapiga magoti, pumzi zikimkata.

"Mama, baba yake amekubali. Nimekuletea Lugwisha."

Mbegu zikamwagika. Mwanamke yule mzee akanyoosha mikono yote miwili mbele, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mama kijana anayemwita mwanawe kutoka mtoni.

"Lugwisha! Lugwisha, baba, njoo!"

Mtoto akageuka nyuma, atazame ni nani anayeitwa.

"Itika!" Nyanzobe alimtikisa bega. "Itika, unaitwa wewe!"

Mtoto akaanza kulia. Mikono ya bibi ilikaa hewani, mitupu, kisha ikashuka taratibu mapajani.

"Mwache," alisema, na hasira yake haikuwa kwa mtoto. "Usimtikise. Tulipochelewa si yeye aliyetuchelewesha. Mwambie Nkwabi, mwambie na Kabula, waambie wote waliocheka siku ile: manju huenda kwao, jina hubaki na mwana."

Akapapasa mpaka akaupata mkono mdogo, akamvuta mtoto kifuani, akamfuta machozi kwa upindo wa nguo yake.

"Haya, mjukuu wangu. Niambie mwenyewe, unaitwa nani?"

"Naitwa Kishindo, bibi."