Mshipa wa Bi Mashavu

Kutaja mshipa si kutaja maradhi. Ndivyo mama yenu alivyomwambia fundi wa pikipiki asubuhi, nanyi mkacheka mpaka mkashika mbavu. Fundi kasema ina shoti, kabadilisha betri. Kasema tena ina shoti, kabadilisha plagi. Pikipiki iko pale pale, haiwaki. Sasa mnataka kujua neno hilo limetoka wapi. Haya, kaeni, ila niachieni nafasi ninyooshe mguu huu. Usiniulize una nini, Mize, ni uzee tu.

Msemo huo haukuletwa na mgeni, ulizaliwa hapa hapa kijijini kwetu, na kabla haujazaliwa nusura uchumba wangu uvunjike. Wakati huo babu yenu Faki alikuwa ameshanichumbia. Mama yake, Bi Mashavu, alikuwa mshonaji wa kofia, na hakuna aliyempita kwa vile vitundu vidogo vidogo vinavyofanya maua. Katika ukoo wao mama ndiye anayemshonea mwanawe kofia ya kuolea. Bi Mashavu alianza kuishona ya Faki mapema, akakaa nayo barazani kila siku penye mwanga mzuri.

Ilipofika nusu, mkono wa kulia ukaanza kumsumbua. Kidole cha mwisho na cha pete vilikufa ganzi, kisha vikawaka moto, kisha sindano ikawa inamponyoka. Watu walipomuuliza, alijibu neno moja tu: "Nina mshipa."

Nyinyi mnalijua neno mshipa. Damu inapita kwenye mshipa. Mtu akigombana shingo ikamtutumka, tunasema katoa mishipa. Mkono ukifa ganzi, mshipa umebanwa. Na mwanamume akivimba mahali ambapo sitapataja mbele yenu, naye husemwa ana mshipa. Acheni kucheka, nasimulia.

Basi Bi Mashavu alikwenda kwa mkandaji, akasema nina mshipa. Mkandaji akaelewa ni ile kamba ngumu ya msuli, akamkanda kwa mafuta kutoka bega mpaka kiganja siku saba. Akaenda kwa mwumikaji, yule anayevuta damu kwa pembe, akasema nina mshipa. Huyo akaelewa damu chafu, akamchanja, akamuumika mara tatu. Wala hawakuwa matapeli, msije mkawadharau. Mkandaji yule ndiye aliyeninyoosha mimi kiuno nilipoanguka kisimani. Ila kila mmoja aliusikia mshipa anaoujua yeye, naye Bi Mashavu hakuongeza neno. Alikuwa mtu wa haya, hapendi kujieleza.

Zikabaki siku ishirini harusi ifike, na kofia bado nusu. Akasikia kwamba kijiji cha pili yuko mzee mwenye mizizi, jina lake Mzee Shaame. Mkono ulikuwa unamuuma, safari hakuiweza. Akamtuma Faki kwa baiskeli: "Nenda kaniletee dawa ya mshipa."

Faki akafika, akakuta watu wanangoja zamu. Akasema kwa adabu, "Shikamoo mzee. Naomba dawa ya mshipa, ni ya mama."

Mzee Shaame akamtazama kijana alivyojaa kifua, akatabasamu. "Marahaba. Ni ya mama, eh? Wote wanaokuja hapa ni ya mama. Usione haya, mwanangu. Chemsha, unywe asubuhi na jioni, usinyanyue kitu kizito. Na kama una harusi, iahirishe kidogo."

Faki alitaka kubisha, lakini alilelewa asibishane na mkubwa. Akachukua mizizi, akaondoka. Loo! Mmoja wa waliokuwa wakingoja zamu alikuwa jirani yetu. Baiskeli ya Faki haijafika nyumbani, habari imeshafika kwa baba yangu: mkweo mtarajiwa ana mshipa, na mganga kamzuia kuoa.

Baba alisema mara moja, "Simwozi binti yangu mtu wa namna hiyo." Mimi nilikuwa ndani, mwari hatoki. Nililia, wanangu, nililia hata wali ukanishinda. Nilimpenda babu yenu, nisiwafiche. Kesho yake baba alimtuma dada yake, shangazi yangu Bi Kazija, akavunje uchumba kwa heshima.

Shangazi hakuwa mganga. Alikuwa mpishi wa shughuli, mwanamke mwenye sauti kubwa na maswali mengi. Yaliyotokea barazani alinisimulia mwenyewe, si mara moja.

Alimkuta Bi Mashavu amekaa mahali pake, kiwiko juu ya ukingo wa jiwe, kofia mapajani.

"Mwenzangu," shangazi akaanza, "nimekuja na neno zito. Tumesikia Faki ana mshipa."

"Faki? Mshipa ninao mimi!"

Shangazi akamtazama juu mpaka chini. "Wewe? Mwanamke?"

"Mimi. Nimekandwa, nimeumikwa, na ile mizizi ya Shaame nimeinywa tangu jana, nafanya kazi ya kwenda chooni tu."

"Hebu ngoja. Mshipa upi?"

"Mshipa ni mshipa, Kazija."

"Mashavu, mficha uchi hazai. Mtoto wangu yuko ndani analia, na wako anatangazwa mji mzima. Liache hilo jina. Nieleze unavyosikia mwilini, kama unamwambia mtu asiyelijua neno mshipa."

Bi Mashavu machozi yakamtoka. Akasema, "Unaanzia kidole hiki cha mwisho. Ganzi kwanza, halafu kama nimeshika pilipili. Naogopa utakufa mkono huu kabla sijaimaliza kofia ya mwanangu."

"Unazidi lini?"

"Nikishona."

"Na ukienda shamba?"

Bi Mashavu akafikiri. "Nikishinda shamba siku mbili, hupungua. Sikuwahi kuliwaza hilo."

"Hakuna aliyekuuliza. Ondoa kiwiko hapo." Jiwe la ukingo lilikuwa limelika, limelainika kwa kuegemewa miaka. Shangazi akamgusa kiwiko kwa ndani, kwenye kijishimo pembeni ya mfupa, na Bi Mashavu akaruka huku akipiga ukelele. Moto ulikimbia mpaka kwenye vile vidole viwili.

Siku ile ile shangazi akampeleka hospitali. Daktari akauliza, "Tatizo nini, mama?" Bi Mashavu akaanza, "Nina mshi..." Shangazi akamfinya. Basi Bi Mashavu akaeleza yote upya, toka kidole mpaka jiwe. Daktari akasema ganzi na moto vile vinatoka kiwikoni, mahali anapoegemea. Asiegemee tena, aweke mto, apumzishe mkono miezi kadhaa, arudi atazamwe.

Shangazi akarudi kwa baba, akamweleza yote. Baba akaguna, "Na kama anamfunika mwanawe?"

"Kaka," shangazi akasema, "uliposikia mshipa, uliuliza ni wa nani? Uliuliza upi? Kutaja mshipa si kutaja maradhi!"

Baba akakubali harusi iendelee. Neno likatoka uani kwetu, likafika kisimani, likafika sokoni. Hata Mzee Shaame alilisikia, na tangu siku hiyo kila aliyesema ni ya mama aliulizwa mama anaumwa vipi.

Tulioana siku ile ile iliyopangwa. Babu yenu alivaa kofia ya kuazima, maana mama yake alikuwa ameshachelewa sana. Yake aliipata tuliposhika mwaka wa pili, na duru ya mwisho vitundu vimekwenda upande, kwa sababu vile vidole havikurudi kama zamani. Watu walimwambia babu yenu aishoneshe duru nyingine. Alikataa, akaivaa hivyo hivyo mpaka Mungu alipomchukua. Imo ndani ya kasha lile.

Haya, nimemaliza. Nishikeni mkono niinuke, mguu umeshakufa ganzi tena. Uzee huu.

Unasemaje, Mize? Sema kwa sauti.

"Bibi, uzee upi?"

Ala! Mtoto huyu... Hebu subirini, nikae tena. Unaanzia kidole gumba. Asubuhi zaidi, nikitoka kukaa kwenye mbuzi ya nazi. Unawaka, kisha nausikia kama si wangu. Sijamwambia mtu, hata mama yenu. Mwiteni aje nimweleze. Kweli, wajukuu zangu, kutaja mshipa si kutaja maradhi.