Digidigi na Jani la Tisa

Paukwa!

Pakawa! Itikieni kwa nguvu, maana leo nasimulia nikiwa na aibu, na aibu hupungua penye kelele.

Juzi mpwa wangu Siwema aliniletea kazi yake ya Uraia. Swali: "Mtaro wa mtaa ukiziba, raia aanzie wapi?" Mimi niliyelala kwenye stendi za miji kumi na saba, niliyefukuzwa na mbuzi Dodoma na bata Bujumbura, ningeshindwaje? Nikamwambia andika: "Ikulu." Daftari likarudi na kosa jekundu, refu kama barabara ya Tunduru, na chini yake mwalimu ameandika: "Aliyekusaidia naye aje darasani." Siwema huyo hapo anacheka, mwoneni! Haya, ngojeni nijitetee.

Zamani hizo, kongwe kuliko hili koti langu, palikuwa na chemchemi msituni, na kaya tisa zikinywa hapo. Asubuhi moja gogo likaanguka, likaziba maji. Ngiri, mwenyekiti wa chemchemi, akapiga mbiu: njooni mkutanoni!

Digidigi akaisikia. Alikuwa amejifungua usiku uliopita. Mtoto yuko kichakani, na maziwa hayaji bila maji.

"Mkutano!" akasema. "Watakaa, watajikuna, watakohoa. Mimi naenda juu kabisa."

Akamwachia mtoto jirani yake Pelele, akatoka mbio.

Tiki tiki tiki, mpaka kileleni kwa Mfalme Tembo.

"Shikamoo, Mfalme. Gogo limeziba chemchemi yetu. Jambo hili ni la nani?"

"Marahaba. Si langu," akasema Tembo. "Langu ni mpaka wetu na msitu wa pili. Nikishuka kwa kila gogo, mpaka ataulinda nani? Kamwone Nyati, bondeni."

"Lakini wewe ndiye mkubwa!"

"Ndiyo maana hata sijui chemchemi yako iko wapi."

Tiki tiki tiki, mpaka bondeni kwa Nyati, mkuu wa bonde.

"Shikamoo, mkuu. Gogo limeziba chemchemi yetu. Jambo hili ni la nani?"

"Si langu. Langu ni mto na njia zinazopita vijiji vyote. Lingeangukia mtoni, ningekuja na pembe zote mbili. Chemchemi ina wenyewe. Rudi kijijini."

Njiani akakutana na Nyani dume, mtawala wa majabali ya jirani, akamweleza shida yake.

"Mnajichosha," Nyani akasema. "Kwetu hakuna vikao. Nasema mimi, wanatenda wote. Gogo lako nitaling'oa kabla hujapepesa jicho."

Digidigi akasimama. Masikio yakasimama pia. "Bila kumuuliza mtu?"

"Bila."

"Na kesho nikitaka kunywa?"

"Utaniomba mimi."

"Na ukikataa, nimwendee nani?"

Nyani akacheka mpaka magego yakaonekana. "Nani tena? Mimi!"

Digidigi akayatazama yale meno, akashika njia yake.

Tiki... tiki... tiki. Miguu imekwisha, jua linazama. Pelele akampokea kwa kilio: "Mwenzangu, mtoto hanyanyui tena kichwa!"

Digidigi akajitupa mpaka chemchemi. Akawakuta majirani wengine wote wamelizunguka gogo, midomo imekauka. Mbele ya Ngiri pamepangwa majani, yamenyauka.

"Mmekaa tu!" akapiga ukelele. "Siku nzima! Mwanangu anakufa, nawe Ngiri una pembe za kulisukuma!"

"Desturi unaijua," Ngiri akasema. "Maji yakibadili njia yanaweza kuzoa shimo la mtu. Gogo haliguswi mpaka kila kaya ije yenyewe, iweke jani lake. Pelele aliweka lake akarudi kwa mwanao. Hesabu."

Digidigi akahesabu. Manane. Kaya ni tisa.

"Sasa jambo hili ni la nani?" akauliza, sauti imepungua.

"Lako."

Akachuma jani, akaliweka. Ngiri hakungoja neno jingine. Pembe chini ya gogo, hoo! Maji yakaruka. Digidigi akanywa mpaka tumbo likalia ngoma, akakimbilia kichakani. Mtoto akapapasa, akapapasa, akapapasa, akashika ziwa.

Hapo maji yakapata njia yake, na hadithi yangu ikapita nayo.

Nikainama kuchochea moto, nikijiona mtu wa maana.

"Mjomba," Siwema akaniita, "wewe mkutano wa mtaa ulikwenda lini?"

"Mimi mtu wa safari, mama. Lakini ule mtaro wetu ulioziba, nafikiria kumwandikia barua mkuu wa mkoa..."

"Mkutano ni Jumamosi saa tatu," akasema. "Koleo la kuzibulia mtaro liko nyuma ya jiko."