Bakuli la Bibi Nyanjige

Paukwa!
— Pakawa!
Mbona mwaitika kama wagonjwa? Paukwa!
— Pakawaaa!

Haya. Ilikuwa enzi za wazee wetu, wale tunaowatamani leo. Kalunde alifiwa na mumewe. Kwa desturi, nyumba ikafungwa mpaka matanga yaishe. Siku ya kuifungua, ukawashwa moto wa marehemu mekoni, moto usiozimwa.

Lahaula! Viroboto! Ruka, ruka, ruka! Miguuni, mapajani, kiunoni. Watu mbio!

"Marehemu kakasirika," akasema Mhoja, mdogo wake marehemu. "Kesho tunaichoma nyumba."

"Shemeji, kaijenga kaka yako kwa mikono yake. Mkiichoma, nitabaki na nini?"

Mhoja akageuka, akaenda zake.

Kalunde akakimbilia kwa Bibi Nyanjige, mkunga mzee. Mabibi kama yule siku hizi wako wapi, jamani? Alikuwa hagombi, anacheka tu.

"Marehemu haumi, mwanangu. Nyumba ikifungwa, viroboto hulala na njaa. Mkiingia, wanaamka."

Jioni akaja, akaweka bakuli pana sakafuni mwa nyumba ile. Akatia maji na mafuta kidogo ya nyonyo, viroboto wakitumbukia wasijinasue. Katikati jiwe, juu ya jiwe taa.

"Kiroboto hufuata mwanga," akasema.

Wakangoja. Wapi! Hata mmoja! Mhoja akacheka.

Bibi akatazama mekoni. "Moto ule unashindana na taa yangu. Utoeni."

"Tumzimie marehemu moto? Thubutu!" akafoka Mhoja.

"Nani kasema kuzima? Uhamishieni uani, mkae nao huko."

Wakauhamisha. Ndani giza, taa moja tu. Mara, chubwi! Chubwi! Chubwi! Chubwi ya kiroboto ni ndogo, mtege sikio.

Asubuhi maji yalikuwa meusi. Bibi akampelekea Mhoja bakuli. "Hasira za kaka yako hizi hapa."

Mhoja akainama. Akashika ufagio mwenyewe. Mikeka ikaanikwa juani, bakuli likategwa kila jioni, hadi asubuhi moja likakutwa na maji matupu.

Ndipo Kalunde akaingia kwake. Akajilaza upande wa mumewe, akalia. Akalia sana. Tangu mazishi hakuwa amepata mahali pa kulia. Bibi akaurudisha mlango polepole, akaketi nje, asiingie mtu.

Wanangu, ukiumwa, mtazame kwanza anayekuuma, ndipo ushike kijinga cha moto. Hadithi yangu inakomea hapo. Wazee wale Mungu awarehemu.